Asiye na bima anaanza kuumia kabla hajafika hospitali

Ukisema fulani hana bima, wengi tunamuona akiwa dirishani pale, keshamuona daktari, keshaandikiwa vipimo, alafu anaambiwa kalipie kwanza na mfukoni hamna kitu. Hiyo picha ni ya kweli na inatokea kila siku. Ila mi naona inatupoteza kidogo, kwasababu inatufanya tuamini shida yote iko pale dirishani, yaani mtu alikuwa mzima, akaugua tu kwa bahati mbaya, akakosa hela. Ukimfuatilia huyo huyo mtu kurudi nyuma, unakuta aliyoyapitia miaka kumi kabla, chumba anacholala, maji anayokunywa, kazi anayofanya, deni analodaiwa, ndo vimemfikisha pale, na vitu hivyo hivyo ndo vimemfanya asiwe na kadi ya bima.

Kwa hiyo hapa kuna mambo mawili yamesukana na tukiyachanganya hatutaelewana. La kwanza ni madhara ya kukosa kadi yenyewe, kama kuchelewa kwenda hospitali, kukatisha dozi, kuuza shamba ili ulipe bili. La pili ni yale maisha ambayo karibu kila asiye na kadi anayaishi, na hayo yanamuumiza hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalum ya kuliangalia hili la pili mwaka 2005, mwenyekiti akiwa Michael Marmot, daktari wa Uingereza, na ripoti ikatoka 2008. Ilichosema kwa lugha nyepesi ni kwamba afya ya mtu inaamuliwa sana na mazingira anayozaliwa, anayokulia, anayofanyia kazi na anayozeekea, na hospitali inakuja baadaye.

Marmot hakutoa hilo hewani. Kuna utafiti maarufu wa watumishi wa serikali ya Uingereza pale London, unaitwa Whitehall, ulianza 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Uzuri wa ule utafiti ni kwamba watu wote wale walikuwa na ajira, wote wanaishi nchi ambayo matibabu ni bure kwa kila mtu, hakuna anayeulizwa kadi wala hela. Sasa unategemea wawe wanaugua sawa sawa. Wapi. Wanaume wa ngazi ya chini kabisa, wale tarishi na walinzi wa milangoni, walikuwa wanakufa karibu mara tatu ya wakubwa wa juu katika kipindi kile walichofuatiliwa, na haikuwa kwamba kuna kundi moja la maskini wanakufa na wengine wote salama, hapana, ilikuwa inashuka ngazi kwa ngazi, kila aliye chini kidogo anaumia zaidi kidogo kuliko aliye juu yake. Sigara na lishe vilichangia lakini havikutosha kueleza tofauti yote. Ukilielewa hilo huwezi tena kusema "tuwape watu kadi tu yaishe".

Turudi huku kwetu sasa. Bima ya Tanzania ilizaliwa na mshahara. Baada ya miaka mingi ya matibabu bure, uchangiaji ukaanza mwaka 1993, alafu sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikapitishwa 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001, ukianzia kwa watumishi wa serikali, asilimia 3 anakatwa mfanyakazi na asilimia 3 anaweka mwajiri. Sistimu safi kabisa kama una mwajiri. Ila simama asubuhi soko la Kilombero hapa Arusha, au soko la Mbuyuni pale Moshi, uangalie watu wanaopita, uniambie wangapi wana mwajiri anayeweza kumuwekea mtu asilimia 3. Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu kwa tajiri wa pikipiki, mama ntilie anajiajiri mwenyewe, saidia fundi analipwa jioni akimaliza zege, dada wa kazi wala hana mkataba. Wakati muswada wa bima ya afya kwa wote unajadiliwa bungeni, takwimu iliyokuwa inatajwa na serikali ni kama asilimia 15 tu ya Watanzania ndo wana bima ya aina yoyote ile. Maana yake asiye na bima ndo mtu wa kawaida, mwenye bima ndo wa tofauti.

Na hapa kuna kitu watu wengi wanakikosea, wanasema watu hawana elimu ya bima, hawajali, wana hela ya pombe wanakosa ya kadi. Mi sikubaliani kabisa. Angalia namna hela inavyoingia. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro akipanda msimu wa wageni anarudi na posho na tipu, mwezi wa 4 na wa 5 mvua za masika zikishika wageni wanapungua sana, anakaa Moshi bila kazi, anakopa dukani. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, wengi wao hawana mshahara, wanakula chakula cha mgodi wakisubiri jiwe litoke ndo wapate mgao, na jiwe linaweza lisitoke mwaka mzima. Muuza nyanya hela yake ni ya leo kwa leo, faida ya asubuhi ndo unga wa jioni. Bima yenyewe inataka nini? Inataka hela ya mwaka mzima, kwa mkupuo, kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja. Hata ile CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa inalipa shilingi 30,000 tu kwa mwaka na kutibiwa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo ukigawa kwa siku ni chini ya shilingi 100, bado kaya nyingi hazikujiunga. Mia kwa siku watu wanayo. Elfu thelathini siku moja, wakati huo huo kuna ada, kodi ya chumba na mbegu, hawana. Alafu wengine walijiunga wakafika kituoni wakaambiwa dawa hamna kanunue nje, mwaka uliofuata hawakurudi, na siwezi kuwalaumu.

Toto Afya Kadi nayo ilionyesha hilo hilo. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, mfuko ukieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wanawaleta watoto ambao tayari wanaumwa, kwa hiyo hela inayotoka ni kubwa kuliko inayoingia. Kimahesabu mfuko ulikuwa sahihi, bima haiwezi kuishi kwa wagonjwa watupu. Lakini muangalie na mzazi. Una watoto watatu, hela unayo ya kadi moja, utamkatia nani? Utamkatia yule anayebanwa na kifua kila mwezi. Kila mzazi mwenye akili timamu angefanya hivyo.

Sasa tuingie kwenye ule upande wa pili, ambao kadi haiugusi kabisa, na nianze na maji kwasababu huku Arusha hili tunalijua mdomoni mwetu wenyewe.

Meno ya kahawia. Mtu akikutana na mtu wa Arusha nje ya mkoa anamjua kwa meno kabla hajaongea. Chanzo ni floridi, madini yaliyoko kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru na ukanda mzima wa bonde la ufa, maji yanapita mle yanayachukua. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, Tanzania kwa miaka mingi tulikubali mpaka miligramu 4 kwasababu ya hali halisi ya vyanzo vyetu, na kuna vyanzo huku Meru vinapita hata hapo mbali sana. Floridi ikiwa nyingi inamharibu mtoto wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, kwenye miaka nane ya mwanzo hivi, jino likishatoka limeharibika basi, hamna dawa ya kulirudisha. Na mtu akiendelea kunywa maji makali miaka na miaka inaingia mpaka kwenye mifupa, miguu inapinda, mgongo unakakamaa, mtu wa makamo anatembea kama mzee.

Angalia nani anaumia zaidi. Mwenye hela ananunua maji ya chupa makubwa au anaweka mtambo wa kuchuja ndani, mtoto wake anakua na meno meupe hapa hapa Arusha. Asiye na hela anachota mtoni, kisimani, au ananunua dumu kwa jirani mwenye bomba bila kujua limetoka chanzo gani. Alafu kuna magadi. Maharage na makande yanachukua muda mrefu kuiva, mkaa ni ghali, kuni zimekuwa shida, kwa hiyo mama anaweka magadi yalainike haraka, na magadi mengi ya huku yana floridi yake. Yaani bei ya mkaa inaingia kwenye mifupa ya mtoto kupitia sufuria ya makande, na hakuna mtu hapo katikati aliyefanya kosa, kila mmoja amebana matumizi pale alipoweza. Daktari hawezi kuandika cheti cha hiyo. Kilichosaidia ni vitu vingine kabisa, kama mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha wa shilingi bilioni 520, kituo cha Ngurdoto kinachofanyia utafiti namna ya kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa, na chujio la Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, lililomfanya ashinde tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Hivyo vyote havikuandikwa kwenye bajeti kama matibabu, lakini ukiniuliza mimi, kwa mtoto wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki ndo matibabu yenyewe.

Kuna mfano mwingine ambao unanigusa sana, kwasababu unaonyesha kwamba hata ukiondoa gharama yote ya dawa bado haitoshi. Kifua kikuu. Dawa za TB Tanzania ni bure kwa kila mtu, hamna anayeulizwa kadi. Na huku kaskazini tuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, sasa hivi ni hospitali maalum ya magonjwa ambukizi. Kwa hiyo kama shida ingekuwa ni bima tu, TB ingeshaisha huku. Lakini shuka Mirerani. Kijana anatoboa mwamba mkavu bila maji, vumbi la silika linaingia kwenye mapafu, linayakwaruza na kuyafanya magumu, huo ni ugonjwa wenyewe unaitwa silikosisi na hauna tiba, na mapafu yaliyoharibika hivyo TB inayapenda mno. Akitoka shimoni analala geto moja na wenzake kibao, dirisha dogo, mmoja akikohoa wote wanavuta. Akigundulika anapewa dozi ya miezi sita bure. Sawa. Ila miezi sita hiyo anakula nini, wakati kula kwake kunategemea kushuka shimoni? Anakunywa dawa mwezi, miwili, nguvu zikirudi kidogo anarudi kazini, vumbi lile lile, geto lile lile. Watu wakisema "wanaapolo wabishi hawamalizi dozi" huwa naumia, kwasababu anayesema hivyo hajajiuliza angekuwa yeye angekaaje miezi sita bila kipato na familia iko nyumbani inasubiri.

Presha sasa. Hili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kiharusi sehemu mbili, Dar es Salaam na wilaya ya Hai hapa Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa 2010, na walikuta kwamba hata ukisawazisha umri, Dar watu walikuwa wanapata kiharusi karibu mara tatu ya Hai. Nchi moja, sera moja ya afya, wengi wa pande zote mbili hawana bima. Bima haiwezi kueleza tofauti hiyo. Maisha ya mjini yanaeleza sehemu yake, chumvi na chipsi, kukaa muda mrefu, usingizi mdogo, mawazo ya kodi. Ila msidhani mlimani wako salama, maana utafiti mwingine wa Hai hapo hapo ulikuta kama wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na kuendelea wana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajui. Hawajui kwasababu presha haiumi. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku anaenda hospitali kwa kitu kinachomzuia kufanya kazi, kisichomzuia anakiacha.

Hata yule anayejua, muangalie siku ya kliniki. Anatoka Uru au Kibosho alfajiri, nauli ya kifodi, anapanga foleni, anapimwa, anasubiri daktari, anasubiri dirisha la dawa, anarudi nyumbani saa tisa. Siku nzima ya kazi imekwenda. Dawa zenyewe za presha za kawaida hazina bei ya kutisha, kilicho ghali ni ile siku, na hiyo siku hakuna bima inayoilipa. Mwenye mshahara akienda kliniki analipwa kama kawaida, ruhusa tu. Muuza ndizi asipokuwepo sokoni ndizi zinaiva zinaoza na mteja wake anazoea meza ya jirani. Miezi mitatu baadaye ameacha dawa, na akianguka sokoni watu wanasema ilikuwa ghafla.

Ndo maana duka la dawa limekuwa hospitali ya kwanza ya asiye na bima. Anaeleza anavyojisikia akiwa amesimama, anauziwa kwa uwezo wake, vidonge sita vya antibaiotiki badala ya kumi na tano, dawa ya maumivu ya kumfikisha jioni. Wanamhudumia haraka, hawamsemi, wanamjua jina, na kwa wengine wanamkopesha. Siwachukii wenye maduka, wanajaza pengo ambalo lipo. Lakini nusu dozi inamaanisha vijidudu vinabaki vinakomaa, na usugu huo wa dawa baadaye hautachagua mwenye kadi na asiye na kadi. Na dawa za maumivu kila siku kwa mtu mwenye presha asiyoijua, figo zinaumia kimya kimya, na figo zikishakufa ndo unaingia kwenye usafishaji wa damu mara kadhaa kwa wiki, gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuimaliza hata zikiuza kila kitu.

Alafu madeni. Hii mikopo ya kausha damu inayozunguka mitaani, Ngarenaro, Unga Limited, Pasua, Majengo, kote, kinamama ndo wanaibeba zaidi. Mtoto anaumwa usiku, hamna hela, asubuhi mama anachukua mkopo, jioni ya siku ya pili marejesho yameanza, kila siku au kila wiki, ukichelewa wanakuja wanabeba kitanda na jiko mbele ya watu. Mtoto keshapona ila mama sasa halali. Anapunguza chakula chake, anaacha dawa zake za sukari ili apeleke rejesho, anachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Ugonjwa mmoja wa mtoto wa siku tatu unazaa ugonjwa wa mama wa miaka. Kwenye daftari la hospitali hizo ni kesi mbili tofauti za watu wawili tofauti na hakuna anayeziunganisha. Fedheha yenyewe ya kudaiwa ni mzigo mwilini, mtu anabadilisha njia ya kupita, anazima simu, anaacha kwenda kanisani au msikitini maana mdai anasali pale pale, anabaki peke yake.

Na upweke nao unaua, hili tunalipita haraka sana. Huku kwetu bima ya kweli kwa muda mrefu imekuwa ni watu. Mtu wa ukoo mkubwa wa Marangu au Machame akilazwa, jioni hiyo hiyo grupu la familia limefunguliwa, ndugu wa Dar anatuma, wa Mwanza anatuma, kikundi cha vikoba kinatoa mfuko wa jamii, jumuiya inakuja na uji. Huyo hana kadi lakini hayuko uchi. Mlinganishe na kijana aliyekuja Arusha kutafuta maisha kutoka mbali, kapanga Muriet, hana ndugu, kijiweni wanamjua kwa jina la utani tu. Wote wawili kwenye takwimu wanaandikwa "hana bima", ila mmoja akivunjika mguu kwenye pikipiki ananyanyuliwa na watu arobaini na mwingine anabaki wodini anaogopa kuuliza bili imefika ngapi. Ndo sababu mi naona swali la "una kadi au huna" halitoshi. Na hata ule msaada wa ukoo una mpaka wake, michango ni rahisi kuchangisha kwa ajali na upasuaji, kwa presha na sukari na ugonjwa wa akili, vitu vinavyotaka elfu kumi kila mwezi maisha yote, watu wanachoka mwezi wa pili. Msiba unachangiwa haraka kuliko dawa, tujiangalie hapo.

Sasa kuna atakayesema basi kama ni hivyo bima haina maana. Hapana, tusiende huko. Wamarekani walipata jaribio la ajabu mwaka 2008, jimbo la Oregon lilikuwa na nafasi chache za bima ya serikali kwa maskini na waombaji kama 90,000, wakachagua kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti wakaweza kulinganisha waliopata na waliokosa, watu wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa bahati. Baada ya kama miaka miwili, waliopata walikuwa wanaenda zaidi hospitali, kisukari kinagundulika zaidi, sonona imepungua sana, na zile bili za kufilisi mtu zikawa karibu zimeisha kabisa. Ila presha, lehemu (kolesteroli) na sukari kwenye damu havikuonyesha tofauti ya maana. Wengine waliyasoma hayo wakasema bima imeshindwa. Mi nayasoma hivi: bima ilifanya kazi ya bima, ilimtoa mtu kwenye deni na hofu, na ukikumbuka yale ya kausha damu utajua hiyo siyo kazi ndogo. Kubadilisha anachokula na mtaa anaoishi haikuwa kazi yake. Na tafiti za baadaye huko huko Marekani, kwenye majimbo yaliyopanua ile bima baada ya 2014, zilikuta vifo vimepungua kwa watu wa kipato cha chini wenye umri wa miaka 55 mpaka 64, kwa hiyo muda nao unahitajika.

Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Novemba 2023, na ndani yake kuna wazo zuri la kuwagharamia wasio na uwezo. Nitakayoyaangalia mimi ni mawili. Kwanza jinsi hela inavyokusanywa, kama mpagazi anaweza kulipa mwezi wa 8 akiwa nayo na asiadhibiwe mwezi wa 4 akiwa hana, kama kikundi cha vikoba au kijiwe cha bodaboda kinaweza kulipa kidogo kidogo kwa jina la wanachama wake. Pili nani anaitwa asiye na uwezo. Saidia fundi mwenye nguvu zake, anayelala na njaa mara mbili kwa wiki, kwa macho ya mtaani siyo maskini, na hatatokea kwenye orodha yoyote mpaka siku akianguka kwenye jengo.

Kwa sasa, kuna vitu ambavyo asiye na bima anavyo kwa sera na wengi hawavidai. Mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, mgonjwa wa TB na anayeishi na VVU wanatakiwa kuhudumiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, ingawa mama bado anaweza kujikuta anaambiwa aje na glavu na pamba zake. Na asiye na uwezo ambaye hayumo kwenye makundi hayo ana njia ya msamaha kupitia ustawi wa jamii. Kosa linalofanyika sana ni kwamba familia inakwenda ustawi wa jamii siku ya kuruhusiwa mgonjwa, bili ikiwa imeshajaa, wamechanganyikiwa, barua ya mtendaji hawana, na mtendaji yuko kijijini kilomita hamsini. Mgonjwa akilazwa leo, leo leo mtu mmoja wa familia amtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo amueleze hali halisi, na mwingine aende kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kuchukua barua inayomtambua mgonjwa na hali ya kaya yake. Kama mgonjwa ni mzee, barua hiyo na kitambulisho cha umri vitafutwe angali mzima, viwekwe pamoja na kadi yake ya kliniki.